Maji Mafu: shajara ya filamu yetu ya Tanga, kutoka skripti mpaka meza ya editi

Februari, skripti

Wadau habari zenu. Naanza kuandika kabla hata kamera haijawashwa maana nataka hii shajara ibebe maamuzi yenyewe, yaani kwa nini tulichukua hiki tukaacha kile, picha za seti mtaziona tu wenyewe baadae. Filamu inaitwa Maji Mafu, yaani zile siku bahari haijai sana wala haitoki mbali, ni ya saa moja na nusu hivi, hamna kampuni nyuma yetu wala stesheni ya TV, ni michango ya watu wanaotuamini pamoja na hela za kushuti harusi wikiendi.

Hadithi iko Ngamiani, Tanga mjini. Mke na mume wameoana miaka mingi, wana binti mmoja, mume ni fundi baiskeli na mke anauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Hawagombani, chakula kipo, ada ya mtoto inalipwa. Ila ndani ya nyumba hamna mtu anayemtazama mwenzie tena. Halafu anakuja mgeni, kijana wa Kagera ambae amekuja na kazi za bomba la mafuta, lile la kutoka Uganda linaloishia Chongoleani, kilomita 1,443 na nyingi yake inapita kwetu Tanzania, kijana kapanga chumba mtaa wa pili na anaingia dukani kununua kufuli. Basi, filamu imeanza.

Jambo ambalo nimelishikilia tangu mwanzo na sitaliachia, ni kwamba mume hana kosa. Movie zetu nyingi za ndoa ukiangalia, mume lazima awe mlevi au anapiga au ana mchepuko, au mke lazima awe mtu wa tamaa ya hela, na ukishampa mume ulevi umeshamaliza mjadala, mtazamaji anajua amtetee nani na anaenda kulala zake. Mi nataka mtu atoke hajui amlaumu nani. Mapenzi mengi ninayoyaona yakiisha huku mtaani hayaishi kwa kishindo, yanaisha watu wakiwa wanaheshimiana kabisa, na hiyo ndo inaniuma zaidi kuliko ugomvi wowote.

Kwenye skripti mke anamwita mumewe Baba Nasra, na mume anamwita Mama Nasra, kama nyumba nyingi tu za kwetu, ni heshima na hamna ubaya wowote. Jina lake mwenyewe, Rukia, halitamkwi na mtu mpaka pale dukani mgeni anapouliza, dada samahani, unaitwa nani? Nae anakaa kimya kidogo ndo anajibu. Hapo hajatongozwa, hajaguswa, kaulizwa jina tu. Akta wetu wa kike alivyofika hiyo sehemu akaweka karatasi chini akaniambia dada, mi hii filamu naifanya.

Machi mpaka Aprili, kibali na nyumba

Kibali kwanza. Filamu hapa inaenda Bodi ya Filamu na sheria yenyewe ni ya zamani, Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976, unapeleka skripti inasomwa, ukimaliza kushuti filamu nayo inarudi kukaguliwa na kupangiwa daraja la umri. Watu waliniuliza kama nimepunguza chochote kwenye hadithi kwa ajili hiyo. Hapana. Tangu rasimu ya kwanza hakuna sini ya kitanda wala busu, na sio woga, ni kwamba kwa watu wa pwani mkono ukichelewa kuachia chenji juu ya meza ya duka hapo kila mtu kwenye chumba ameshaelewa, na mama yangu mzazi ataweza kukaa akaangalia mpaka mwisho.

Nyumba tumepata, na masika imenyesha tukiwa tunaizunguka kupima. Ni nyumba ya Kiswahili ile ya kawaida, baraza mbele, korido katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma. Mpiga picha wetu kaipenda korido hatari. Mchana mwanga unaingia pande mbili tu, mlango wa mbele na mlango wa uani, katikati giza, kwa hiyo mtu akitoka uani na sinia ya chakula unamuona kivuli kwanza, anapotea, ndo anatokea na sura. Tukakubaliana mke na mume wapishane humo koridoni mara nyingi kuliko wanavyokaa pamoja, hiyo ndo ndoa yao ilivyo.

Bibi mwenye nyumba ndo alikuwa mwalimu wetu bila kuombwa. Siku ya mazoezi tumeenda kumpa shikamoo, akakaa kwenye kibao chake cha mbuzi anakuna nazi huku anamuangalia akta wetu anavyomwandalia mume chakula kwa sura ya kukasirika, anatua sahani kwa kelele. Akasema mwanangu, hivyo sivyo. Mwanamke aliyechoka hapiki vibaya, wala hatupi sahani, chakula chake kitakuja kile kile na maji ya kunawa atayamimina kama kawaida, ila hatakaa. Akishatenga anaondoka. Zamani alikuwa akikaa pembeni kwenye mkeka anapiga stori mume anakula, sasa hivi anakumbuka kuna nguo za kuanua.

Sini nzima nikaiandika upya usiku ule ule. Maneno yote ya hasira nimefuta, imebaki mke anatenga chakula vizuri kabisa na anaenda uani, na mume anakula peke yake anatazama mlango. Tukiwa tunaijaribu kesho yake kijana wa taa alishusha kichwa, na yeye hajaoa hata.

Mei, kamera

Mjadala mrefu kuliko yote, tumekaa nao wiki kadhaa: mapenzi ya zamani na mapenzi mapya yapigwe picha tofauti au sawa? Kuna filamu ya Marekani ya 2010, Blue Valentine ya Derek Cianfrance, yeye siku za uchumba alizishuti kwa filamu halisi ya milimita 16 na siku za ndoa kuvunjika akazishuti kwa kamera ya dijitali, kwa hiyo furaha ina chembechembe na joto, huzuni imekuwa kali na baridi. Wazo zuri na lilifaa kwa hadithi yake. Mpiga picha wetu alitaka kitu cha kufanana, nyumbani kuwe na rangi ya baridi, kwa mgeni kuwe na dhahabu.

Nikakataa, na nilikataa kwa muda mrefu mpaka akanikasirikia. Sababu yangu ni hii. Mapenzi mapya yanajishuti yenyewe, mweke kijana mzuri mbele ya bahari jua linazama, kila mtu atapenda, kamera haina kazi pale. Kazi iko nyumbani. Kama nyumbani nitapachafua kwa makusudi, nikapatia rangi ya majivu, basi nimeshamtetea Rukia kabla hajasema neno, na nimemfanya mume awe kitu cha kukimbiwa. Mi nataka nyumbani pawe pazuri kuliko kwa mgeni, mwanga wa jioni unaoingia uani, vyombo vinavyong'aa, kanga kwenye kamba, gurudumu la baiskeli linazunguka polepole kwenye mkono wa mtu anayejua kazi yake. Uzuri wote uko pale na yeye hauoni tena. Hapo ndo panauma.

Tukamaliza kwa lenzi badala ya rangi. Nyumbani tunatumia 35mm, pana, mnawaona wote wawili pamoja na nafasi iliyo kati yao. Akiwa na mgeni tunaenda 85mm, uso wake tu, nyuma kote ukungu, maana mtu akianza kupenda upya dunia nyingine inafutika. Mgeni mwenyewe hatumuoni vizuri sana kwenye nusu ya kwanza, tunaona zaidi Rukia anavyotazamwa.

Na hili nalo nimelielewa kwenye mazoezi sio kwenye kuandika. Kijana hajui mji, anauliza kila kitu, kile kisiwa kinaitwaje, kwa nini mitaa ya Ngamiani inaitwa kwa namba, barabara ya ngapi hii, mbona watu wa Tanga mnaendesha baiskeli hivi. Na Rukia anamjibu, mara ya kwanza baada ya miaka anausimulia mji wake, Kisiwa cha Toten, Raskazone, kule mkonge ulikuwa unapakiwa, na kwa kumsimulia na yeye anaanza kuuona. Kwa hiyo hamfuati kijana tu, anamfuata yule Rukia anayetokea akiwa na kijana. Mume hawezi kushindana na hilo hata angenunua nini.

Juni na Julai, kushuti

Tumeshuti kipindi cha kusi, mvua imeisha, anga safi, ila upepo. Pwani maiki bila lile koti la manyoya usijisumbue, na hata na koti sini mbili tulirudia kwa ajili ya maji na upepo tu.

Mambo ya ufundi kwa wanaoanza, nayaweka haraka haraka. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo tunashuti fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50, ukiingia na 24 na shata ovyo zile taa za LED za bei rahisi zitakuchezea mistari kwenye picha na hutaitoa. Friji izimwe kabla ya kila teki, na anayeizima aweke funguo zake za pikipiki humo ndani ili asiondoke bila kuiwasha tena. Pangaboi lizimwe, kila mtu alowe jasho. Adhana hatugombani nayo, tunaijua ratiba, tunasimama, wanaoswali wanaswali, tunarudi. Na kila chumba mkimaliza rekodini dakika nzima ya ukimya wa chumba chenyewe, dada wetu wa sauti alikuwa mkali kwenye hilo na sasa hivi kwenye editi namshukuru kila siku, maana filamu ya watu wasioongea inabebwa na ukimya na ukimya wa korido sio ukimya wa uani.

Sasa hili la bahari nataka nilieleze vizuri maana ndo limeibadilisha filamu.

Sini kubwa ya Rukia na mgeni ni kutembea kwenye mchanga maji yakiwa yametoka mbali kabisa, wanaenda mpaka zilipolala ngalawa. Kwenye kichwa changu ilikuwa jioni, mwanga wa dhahabu. Nikaenda Deep Sea kuongea na wavuvi kupanga tarehe, na mzee mmoja nahodha akaniambia mama hiyo haipo. Akanipangia kwa vidole. Maji yanatoka mbali kweli siku za bamvua, mwezi mpevu au mwezi mwandamo, hapo tofauti ya kujaa na kupwa inapita mita 3. Lakini kwa pwani yetu siku za bamvua maji yanakuwa yamepwa saa nne saa tano asubuhi, na jioni jua likienda kuzama bahari imejaa tele mpaka ukutani. Kila siku yanachelewa kama dakika 50 hivi, ukisubiri mpaka kupwa kuangukie jioni umeshafika kwenye maji mafu, na maji mafu hayatoki mbali, yanasogea kidogo yanarudi kidogo. Kwa hiyo mchanga mtupu mpaka upeo wa macho na mwanga wa dhahabu havikutani. Yeye kaishi nalo maisha yote, mi nimezaliwa mkoa huu huu na sikuwahi kulipanga hivyo.

Mpiga picha akasema tushuti kwa siku tofauti tuunganishe. Nikasema hapana, bahari imetupangia vizuri kuliko sisi. Wapenzi wapya wapigwe saa tano asubuhi, jua la utosini, hamna kivuli cha kujificha, mchanga mweupe unaumiza macho, kila mtu aliye ufukweni anaweza kuwaona. Na mwanga wa dhahabu wa maji mafu nimpe nani? Mume na mke. Kuna sini wanarudi wote wawili kutoka kumzika jirani, wanapita Raskazone kwa miguu, baiskeli anaikokota mume, hawaongei, bahari imetulia kama haijui iende wapi. Ndo picha nzuri kuliko zote kwenye filamu nzima na wao wenyewe wanaangalia chini. Mwanga wenyewe huku kwetu nyuzi 5 kusini ya ikweta hauna subira, jua linashuka wima, linazama saa kumi na mbili na kitu mwaka mzima na ule wakati mzuri ni mfupi sana, mnajipanga saa nzima kwa ajili ya teki chache. Tulipata. Akta wetu wa kiume alivyosimama kufunga kamba ya mzigo nyuma ya baiskeli na mke akasubiri bila kuambiwa asubiri, hilo halikuwemo kwenye skripti, wamelifanya tu, na nimeliacha lote bila kukata.

Drone tuliachana nayo, vibali vyake ni safari nyingine na hadithi hii haihitaji kutazamwa kutoka juu.

Septemba, editi

Rasimu ya kwanza ilikuwa ndefu mno na tatizo lake nililiona kwenye dakika kumi za mwanzo, kila mgeni akitokea filamu inachangamka na akiondoka inalala. Kwa kawaida ungesema kata za nyumbani. Nikafanya kinyume, nimekata za mgeni. Sini mbili za kucheka cheka zimeondoka, moja ya mvua imeondoka japo ilikuwa nzuri na kijana alicheza vizuri sana, nimempigia simu mwenyewe kumwambia kabla hajasikia kwa watu. Mgeni akipungua, Rukia anabaki akimsubiri, na mtazamaji anasubiri nae, na huo ndo mvuto wenyewe, sehemu kubwa ya mapenzi mapya ni kusubiri simu iite.

Za nyumbani nimezirefusha. Mume anajaza upepo, anasikiliza tairi kwenye beseni la maji akitafuta tundu, mapovu yanatoka. Watu watasema ni ndefu. Iwe.

Kanga pia imefanya kazi. Tulipanga kumvalisha Rukia kanga yenye maneno "Nilikudhani dhahabu kumbe adhabu" kwenye sini moja tu, wengi wa pwani wanaijua, na kwa muda mrefu tulibishana kama ni ukatili kwa mume asiye na kosa. Nikaibakiza ila ipo kwenye kamba inaanikwa, na mume ndo anaianua mvua ikija. Anaisoma, anaikunja vizuri, anaiweka juu ya kitanda.

Oktoba, muziki

Huwezi kufanya filamu ya mapenzi Tanga usiguse taarab, huu ni mji wa vikundi vya Black Star na Lucky Star, ni mji alikoimba mwimbaji Shakila, magitaa yale yaliyoingia kwenye taarab yalitokea hapa. Nilitaka rekodi moja ya zamani kwenye redio ya fundi. Sheria ya Hakimiliki ni Na. 7 ya 1999 na iko wazi, mtunzi analindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, na juu ya hapo kuna haki za rekodi yenyewe, kwa hiyo ni ruhusa mbili tofauti, na tusiichukulie poa eti kwa sababu wimbo uko kwenye kila simu ya mtaa, wale wazee na familia zao wamenyonywa vya kutosha. Bajeti haikufika. Tumeamua kurekodi kitu kipya, udi na fidla na dumbaki, hamna mwimbaji, mpigaji wa udi ni mzee wa hapa hapa Ngamiani na kalipwa kabla hajaanza kupiga.

Na muziki wote uko nyumbani. Kwa mgeni hamna hata noti moja, upepo tu na sauti zao. Mtunzi wetu alishangaa, kila mtu hutegemea fidla ziingie pale wanapotazamana. Ukizima muziki unasikia jinsi Rukia anavyopumua akijibu meseji, na hiyo inatisha kidogo, kama inavyotisha kweli.

Novemba, tulipofikia

Tumeonyesha rasimu kwa kina mama wa mtaa uani kwa bibi, shuka jeupe na projekta ya kuazima. Walicheka kwenye sini ya kufuli, wakanyamaza kwenye sini ya maziko. Ilivyoisha ikawa kelele, nusu wanasema aende zake, nusu wanasema atajuta, mmoja akasimama akasema huyu mume hana kosa na huyu mke namuelewa, sasa mimi nimkasirikie nani? Akakaa. Sijawahi kupewa zawadi kubwa kama ile. Kuna mwingine alininong'oneza pembeni wakati tunakunja nyaya kwamba amekumbuka hajamuita mumewe kwa jina lake tangu mtoto wa kwanza. Sikumjibu kitu, nilimshika mkono tu.

Mwisho wa filamu tulikuwa na aina mbili, anapanda basi na hapandi. Watu wa Tanga tuna ule msemo wa waja leo waondoka leo, na nilidhani wa kuondoka ni mgeni, mkataba wake wa kazi ukiisha. Kwenye rasimu ya sasa mgeni anaondoka kweli, hafukuzwi wala hafumaniwi, kazi imeisha tu. Rukia anabaki, na swali linakuwa gumu zaidi maana sasa anajua kwamba anaweza kupenda, na nyumbani ni pale pale. Anamuita mume kwa jina lake, mara moja, kutoka koridoni. Tumekata kabla mume hajageuka. Prodyuza anataka ageuke, mi sitaki, kura ya akta wote wawili iko upande wangu kwa hiyo imepita.

Kilichobaki: miksi ya sauti mwezi huu, rangi baada ya hapo, tafsiri ya chini ya skrini ya Kiingereza na Kifaransa, mtafsiri wa Kifaransa tunae Bukavu tayari. Kisha Bodi kwa ukaguzi, kisha tunapeleka maombi ZIFF Zanzibar, tamasha lililoanza kuonyesha filamu tangu 1998, na kabla ya huko kote tutaionyesha kwanza Ngamiani, bure, barabarani, viti vya kukodi. Kama uko Tanga na una turubai kubwa la kutuazima usiku mmoja, niambie.